Kichwa cha Filimbi ya Yaya

Tangu nipate diploma nakaa nyumbani Kamalondo nikingoja kazi ya ukarani, na kila asubuhi nafikiria meno. Si yangu. Ni ya yaya, kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akipuliza filimbi katika fanfare, bendi ya parokia.

Mwalimu wa fanfare alikuwa askari wa zamani. Aliamini kwamba sauti mbaya ni kosa la mdomo, basi aliuadhibu mdomo. Filimbi ikikwaruza, alisema, "Leta mudomo," nawe ulimsogezea, akakuchapa kwa fimbo yake ya kuongozea. Majuma matatu yaya alirudi nyumbani na midomo iliyopasuka. Juma la nne jino la mbele lilikuwa likicheza. Midomo iliyovimba ilipuliza vibaya zaidi, kwa hiyo alipigwa zaidi.

"Hii inalia sawa kuku yenye kuona kisu," mwenzake aliyepuliza kando yake alimcheka yaya. Huyo hakupigwa kamwe.

Filimbi zote zilikuwa za mbao, za bei rahisi, zenye matundu sita tu. Mimi ndiye niliyezipaka mawese kila Jumamosi. Nilizipima kwa kijiti, nikazipima tena. Miili ilikuwa sawa; vichwa, vile vipande vya juu vinavyochomolewa, havikuwa sawa. Tundu la kupulizia la yule mwenzake lilikuwa dogo, umbo la yai, kuta zake zimechongwa mshazari kwa ndani, ukingo mkali. La yaya lilikuwa pana, kuta zimesimama wima, ukingo butu. Pumzi ilipotea kabla ya kuwa sauti.

"Yaya, haiko mudomo yako. Iko kichwa ya filimbi."

"Mudogo, unawaza sana. Utawaza mpaka meno yangu itaisha."

Ningeweza kumwambia mwalimu. Lakini je, akinipiga? Je, kama nimekosea? Niliwaza siku tatu. Jumamosi, nikipaka mawese, nikavibadilisha vile vichwa viwili bila kumwambia mtu.

Siku ile yaya alipuliza hadi sauti za chini kabisa, nene na safi. Mwenzake akakwaruza.

"Leta mudomo."

Fimbo ilimpata mara nne. Damu ilimwagika juu ya shati lake jeupe, jino likaanguka sakafuni. Yaya akalitazama jino, kisha akanitazama mimi.

Nikasimama, nikasema yote. Mwalimu akachukua kichwa kile kibaya, akakifunga kwenye filimbi yake mwenyewe, akapuliza. Ikakwaruza mbele ya watu wote. Akapuliza tena. Hakuna aliyecheka.

Akakichomoa, akanipiga nacho sikioni, shavuni, tena sikioni, mpaka mbao ikapasuka mkononi mwake. Halafu akawaambia wengine, "Tuendelee."

Tangu siku ile hakugusa mdomo wa mtu. Alipiga vidole. Yaya alimrudishia mwenzake kichwa chake, akahamia kwenye ngoma, na jino lake lililokuwa likicheza likashika. Mimi sikio la kushoto halisikii vizuri. Nikiitwa kazini, sijui kama niwaambie habari za sikio kabla hawajanisomea barua ya kwanza ya kuandika, au baadaye.