Mbwa kumi na moja walioachwa na wazungu Kikatiti, na uongo ulioniumbua mbele ya mama mkwe

Wakuu, salamu kwenu nyote, hata mnaochungulia simu mkiwa kazini na bosi yuko nyuma yenu.

Hii si chai. Anayetaka chai aende jukwaa la mapenzi, kule inachemka muda wote. Mimi naeleza kilichonikuta mwenyewe, na kwenye sehemu kubwa ya kisa hiki mwenye makosa ni mimi.

Ilikuwa miaka ya tisini, enzi za ruksa zimeshakolea. Nilikuwa msaidizi wa bwana mifugo kwenye shamba moja la umma la ng'ombe wa maziwa. Likabinafsishwa. Mwekezaji akaja, akatukusanya, akatuambia sisi sote ni familia moja. Wiki iliyofuata familia ikapunguzwa. Ng'ombe walibaki.

Nikarudi kwetu Kikwe na mke wangu Ndeshi na binti yetu Neema, nikawa nalima mahindi na kuchambua uchumi wa dunia pale kwenye duka la jirani.

Mama mkwe wangu, Mama Ndeshi, alikuwa anakaa Kikatiti peke yake. Mjane, Mlutheri wa benchi la mbele, maneno machache. Kwa miaka saba alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa mradi wa maji pale Usa River. Mradi ukaisha. Maji hayakutoka ila ripoti ilitoka. Mzungu akafungasha.

Siku ya kuondoka akampelekea Mama mbwa wake watatu. Alimkumbatia mbwa mmoja mmoja, akalia mpaka miwani ikaingia ukungu. Kisha akamgeukia Mama, akampa mkono.

Rudieni hapo wakuu. Mbwa walikumbatiwa. Mpishi wa miaka saba alipewa mkono.

Aliacha na barua ya kurasa nne. Nikaitwa kuitafsiri, maana mimi ndiye msomi wa form four. Bruno asipewe mifupa ya kuku. Whisky hawezi kulala bila blanketi. Princess ni kiziwi na huwa anapata upweke, apungiwe mkono kila asubuhi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna mahali wametaja watakula nini.

Hapakuwepo.

Basi habari zikaenea kwa wazungu wenzake kwamba Kikatiti kuna mama anayependa mbwa. Mama hakuwahi kusema anapenda mbwa. Alishindwa tu kuwafungia geti. Kila mkataba ulipoisha, gari linasimama, mtu analia, mbwa anashushwa, gari linaelekea airport. Ndani ya mwaka mmoja wakafika kumi na moja.

Mama akaniita nimsaidie. Mnajua wenyewe, mama mkwe haambiwi nina kazi, hasa akijua huna.

Nikawa mpishi wa mbwa. Asubuhi napika ugali wa pumba na dagaa kwenye sufuria la misiba, wapita njia wanasimama kuangalia. Mimi niliyekuwa nachoma sindano madume ya kisasa.

Tulikuwa na tatizo lingine. Kila jioni Mama anasimama uani, kitambaa kichwani, anaita kwa sauti ya kwaya: "Whisky! Njoo, Whisky!" Mzee wa kanisa akaja kuzungumza naye kwa upole kuhusu ulevi. Kuanzia hapo mbwa akaitwa Wiki.

Mambo yakabadilika pale mbwa wawili walipomkimbiza mbuzi wa mwenyekiti wa kitongoji mpaka mtaroni. Mbuzi alipona, ila mwenyekiti alikuja na kauli moja: mpaka Pasaka wabaki wawili, la sivyo anamleta bwana afya na bunduki. Na hakuwa anatania. Mwaka uliotangulia bwana afya alishapita kijiji cha jirani, tukasikia milio tokea kwetu.

Ilibaki kama miezi mitatu. Mama akasema watafutiwe watu, na mwenye kuwatafuta ni mimi.

Sasa wakuu, miaka ile kila aliyeanza kushika pesa Arusha alitaka vitu vitatu: Pajero, dish, na mbwa wa kizungu. Mbwa wetu wa kawaida, aliyelinda boma tangu enzi za babu, ghafla akawa mshamba. Mimi bidhaa ninayo, tena ya bure.

Akaja bwana mmoja, Shirima, mwenye duka la jumla Kaloleni na nyumba mpya Njiro. Alimtaka Bruno. Bruno alikuwa German shepherd mkubwa, kifua kipana, masikio wima. Ukimwona kwa mbali unatubu.

Tatizo ni kwamba Bruno alikuwa anaogopa kuku. Jogoo akitingisha bawa, Bruno yuko nyuma ya choo.

Shirima akaniuliza, "Ni mkali huyu?"

Nikamwangalia Bruno. Nikaiwaza bunduki ya bwana afya, na lile sufuria pia, sitawaficha. Nikajibu, "Bosi, huyu alishamtoa mtu nyama ya paja."

Nikampakia mwenyewe kwenye Pajero. Alipanda kwa furaha, alifikiri tunaenda matembezini.

Kwa uongo wa aina hiyo nikawamaliza watano kabla ya kwaresima kuanza. Princess aliye kiziwi nikasema ana nidhamu, hashtuki ovyo. Nilijiona mfanyabiashara wa soko huria.

Nisichojua ni kwamba Mama alikuwa na mpango wake. Mwezi ulipopita tangu Bruno aondoke, akavaa nguo za ibada, akachukua mkoba, akasema, "Baba Neema, twende tukawaone walivyopokelewa." Hivyo hivyo, kama mabinti walioolewa.

Kwa Shirima tulipokelewa vizuri. Sebule ina kapeti, tukaletewa soda. Getini kuna kibao kikubwa: MBWA MKALI. Mama akanywa nusu, akaomba kumwona Bruno.

Alikuwa nyuma ya nyumba. Amefungwa kwenye nguzo ya kamba za kuanikia nguo, juani, mnyororo mfupi kiasi kwamba hawezi kulala akanyoosha shingo. Bakuli la maji lilikuwa kavu. Mnyororo ulikuwa umezama kwenye ngozi, na kwa kazi yangu ya zamani sikuhitaji kusogea kujua kuna funza. Harufu ilitosha.

Alipomwona Mama, mkia ukapiga ile nguzo. Hakuweza kusimama.

Shirima akaeleza bila haya. Mbwa alikuwa akiwachekea wageni wote, hata mafundi wasiojulikana. Watu wakamshauri amfunge muda wote na amchanganyie pilipili kwenye chakula, atakuwa mkali. Alikuwa anasubiri pilipili ifanye kazi.

Mama akamuuliza, "Nani alikuambia ni mkali?"

Shirima alinigeukia. Alininyooshea kidole.

Wakuu, nimewahi kupunguzwa kazi mbele ya watu mia mbili. Haikufikia ile.

Mama hakuniangalia. Alipiga magoti pale kwenye vumbi na nguo zake za ibada, akaanza kuutoa mnyororo taratibu. Shirima akasema yule ni mbwa wake, alipewa. Mama akamjibu, "Ulipewa mbwa. Hukupewa nguzo." Akachana kitenge alichojitanda, akamfunga Bruno kifuani ili shingo isiguswe, tukatoka.

Hakuna gari la abiria lililokubali kutupakia. Nilimbeba Bruno mabegani kama kondoo mpaka barabara kubwa, usaha unanichuruzikia shatini. Mwenye Isuzu aliyekuwa ametoka kushusha ndizi ndiye alituhurumia. Mama alikaa mbele. Mimi na Bruno nyuma, juu ya majani ya migomba.

Siku ya tatu ndipo akaongea. Nilikuwa nasafisha kidonda. Akasema, "Mzungu aliwaacha, lakini aliandika ukweli wao wote. Kurasa nne. Wewe hata mstari mmoja uliona mwingi."

Nikainama kwenye kidonda. Na hivi niliicheka ile barua mwaka mzima.

Tukawafuata wale wengine wanne. Wawili walikuwa salama, tukawaeleza wenye nao ukweli, wakacheka wakabaki nao. Wawili tukawarudisha. Princess alishagongwa mguu kwa sababu hakusikia gari, na lile nalibeba mpaka leo.

Kwa hiyo tukawa nyuma zaidi na Pasaka inakuja. Nikaanza kusema ukweli: huyu ni kiziwi, huyu anaiba mayai, huyu analia ngurumo zikipiga. Nilidhani hakuna atakayemchukua hata mmoja. Kumbe wanaoondoka baada ya kusikia ukweli ni wale ambao wangewafunga kwenye nguzo. Muuza mbao, ambaye kazini kwake kuna kelele kutwa, akasema kiziwi ndiye anayemfaa.

Siku chache kabla ya Pasaka akatokea Mzee Loishiye, mfugaji wa upande wa Kisongo. Alimpenda Bruno, ambaye kidonda kilishafunga. Nikamwamkia, nikamweleza kila kitu. Muoga. Anachekea wageni. Anakimbia kuku.

Mzee akafikiri. "Mimi sina kuku," akasema. "Nina mbuzi."

Akaondoka naye. Tulipomtembelea tulimkuta amelala katikati ya mbuzi na watoto wa mbuzi wanampanda mgongoni. Aliinuka kutulaki, kisha akarudi kazini kwake.

Mwenyekiti alikuja Jumatatu ya Pasaka kuhesabu. Walikuwa watatu, si wawili. Mama akampa chai na maandazi, mwenyekiti akakosea kuhesabu.

Nilichojifunza: kumtafutia mnyama makao si kumwondoa machoni pako. Mzungu aliwaondoa kwa machozi, mimi kwa maneno matamu, na kwa mbwa yote yalikuwa yale yale. Leo naona humu watu wanatangaza "puppies wakali, damu safi", wengine wanaulizia wa kuendana na rangi ya geti. Nawasoma, nanyamaza, maana nilishakuwa dalali.

Uwanja ni wenu wakuu, tukaneni au toeni visa vyenu. Ila kama nyumbani una mbwa kafungwa juani, kamsogeze kivulini kwanza na umwekee maji. Uzi hautakimbia.