Kikombe cha Nyakabuye Kabla ya Mizani

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, mizani ya nyumbani kwangu Gihundwe ilionyesha kilo hamsini na moja na nusu. Riziki, bondia ninayemfundisha, alishuka, akavua hereni, akapanda tena. Haikubadilika. Yeye ni bingwa wa uzito wa flai, ambao mwisho wake ni kilo hamsini na gramu mia nane, na jioni hiyo angepimwa Kamembe mbele ya waamuzi. Akizidi, anapoteza mkanda kabla ya ngumi ya kwanza. Nje kulikuwa na baridi na manyunyu, jasho lisingetoka. Niliamua tulifuate joto, bondeni Bugarama.

Ndani ya basi nilipakata mizani. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ngumi nilijifunza kwa kusoma peke yangu, na nilichosoma kinanitisha: mwili ukikaushwa haraka huharibika haraka. Kila kona nilimtazama midomo.

"Papa Elie, unaniangalia kama maiti."

"Funga kinywa. Mate inaisha."

Bugarama, saa nne, alivaa koti la mvua akakimbia juu ya tuta, katikati ya mpunga. Wapalilizi walimpigia kelele: "Champion! Mvua iko wapi?" Saa sita mizani ilisoma kilo hamsini na gramu mia saba. Nikapumua.

Tulirudi kwa njia ya Nyakabuye, inayopita mlangoni pa shangazi yake, Maman Furaha, aliyemlea Bukavu, ng'ambo ya mpaka Kongo, kabla familia haijarudi Rwanda. Kupita bila kumsalimia kusingewezekana. Riziki alinieleza kwamba mtoto wa jirani alitapika vibaya baada ya kula pale, na tangu hapo watu walinong'ona kuwa shangazi anatia sumu. Hakuna aliyekunywa kwake tena.

Majirani watatu walitufuata uani kumwona bingwa. Maman Furaha alileta ubushera, kinywaji cha mtama, akaonja kwanza kama desturi inavyotaka, kisha akamnyooshea Riziki kikombe cha nusu lita.

Niliingilia. "Maman, leo hanywi kitu. Iko mizani saa kumi na moja. Unipe mimi."

"Weye sikukuita, Papa. Nilimupa mutoto yangu."

Jirani mmoja, mama mwenye jembe begani, alicheka. "Mumuache. Hata damu yake inamuogopa."

Maman Furaha aliendelea kukinyoosha kikombe.

"Riziki," nilinong'ona, "lowesha midomo tu."

"Bataona, Papa." Aliwatupia jicho majirani, akamgeukia shangazi. "Tantine, leta. Jua imeniua."

Alikunywa chote, polepole, akakigeuza kikombe kuonyesha ni kitupu. Kisha akamwambia yule jirani: "Na weye Maman, unywe. Ao unaogopa ba champion?"

Yule mama alitazama barabara, akatutazama sisi. Akaweka jembe chini, akapokea kikombe kilichojazwa tena, akanywa.

Nyakarenzo, saa tisa, tulishuka ili apandishe kilima kwa mbio. Jasho lilikuja kidogo, kisha ngozi ikakauka na misuli ya miguu ikakaza. Aliomba aendelee. Nilikataa; wakati huo niliuogopa moyo wake kuliko mizani.

Kamembe, saa kumi na moja: kilo hamsini na gramu mia tisa na hamsini. Mwamuzi alimpa saa moja apunguze. Riziki alinitazama, nikatikisa kichwa. Waamuzi wakauchukua mkanda. Kesho yake alishinda kwa pointi, pambano lisilo na mkanda.

Nilichojifunza sijakikuta katika kitabu chochote: kabla ya kumtoa bondia nyumbani, uliza njia inapita mlangoni pa nani. Jumapili Maman Furaha alipiga simu. Watu walikuwa wametoka ibadani wakaingia kwake, na sufuria ya ubushera ilikauka kabla hajakaa chini. Sisi, kwa kuzidi uzito, tulikatwa faranga laki moja na elfu ishirini.