Sanduku la Chepkurui

Hebu mwone Ooko akifika alasiri hii kwenye kituo cha kupimia chai, huku vilimani: koti la mvua juu ya sweta mbili, tope la Roret hadi vifundoni, na kompyuta kaifungia ndani ya mfuko wa mbolea, kaikumbatia kama mtoto mchanga. Ni miaka kumi na miwili tangu atoke upande wa ziwa, na bado baridi ya huku inamshangaza kila asubuhi.

"Fundi wa kompyuta, karibu! Bibi umemleta ama bado?"

Huyo ni Chepkurui, karani wa mizani, kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni. Wakulima na vikapu vyao vya majani chai wakacheka. Ooko naye akacheka, ingawa hakuja kucheka.

Iko hivi. Seva ya kiwanda cha chai, kompyuta kuu inayotunza barua pepe, ilikuwa imejaa, na bosi wake, Antony, akaamuru masanduku ya barua pepe ya makarani wote wa mizani yaondolewe kabla ya saa kumi. Masanduku tu. Akaunti zibaki, kwa sababu jina na neno la siri la karani ndivyo pia vinavyofungua mizani. Mwaka jana Ooko alibonyeza pabaya akafuta sanduku pamoja na akaunti. Karani mmoja akashinda akitazama mizani iliyokataa kuwaka, majani yakigeuka mekundu ndani ya magunia. Tangu hapo Ooko hubonyeza polepole, kama anayemtoa mtu mwiba.

Asubuhi hiyo alikuwa ameondoa masanduku arobaini, mengi matupu. La Chepkurui ndilo lililomkwamisha: barua elfu mbili, zote kajiandikia mwenyewe. Akafungua moja, akijiambia ni kazi. "Kimeli: ndama anaharisha. Muulize." Nyingine: "Mama Joan: binti amepita mtihani. Mpongeze." Ndipo akaelewa kwa nini foleni ya hapa, hata ikinyeshewa, haina ugomvi.

"Si uandike kwa daftari?" alimwambia sasa kwa sauti ya chini, akiisha kumweleza amri ya Antony.

"Daftari linakaa hapa mezani, kila mtu anafunua. Kipruto akiona nimeandika bibi yake amerudi kwao, atanisalimia tena?"

"Kwa simu je?"

"Hii ni ya tatu tangu Krismasi. Zingine zilizama kwa tope." Akamkazia macho. "Kumbe unasoma za watu! Na yako uliiona?"

Aliiona. "Ooko wa kompyuta: bado hajaoa. Usimuulize mbele ya watu."

"Niliiona. Na kila siku unaniuliza mbele ya watu!"

"Wewe si mkulima, ndugu yangu."

Kisha Chepkurui akaacha mzaha. "Lakini ukilitoa hilo sanduku, Ooko, mimi nitabaki mtu wa kutaja kilo tu."

Simu ikalia. Antony. "Ni saa kumi kasoro dakika tano. Masanduku yote yametoka?"

Mbele yake, Chepkurui alikuwa amechungulia barua zake kwenye kompyuta ya mizani, kisha akamuuliza mzee aliyefuata habari za goti lake. Mzee akatua kikapu, akakunja suruali, akaanza kuonyesha.

"Ooko? Unanisikia?"

Anamsikia sana. Kompyuta ameshaitoa mfukoni, na kidole kiko juu ya kitufe cha kufuta. Sasa wewe, ungekuwa ndani ya sweta hizo mbili, ungemjibu Antony nini?