Jiwe la Kona ya Tisa

Saa kumi na mbili asubuhi, Mzee Chokaa amechuchumaa juu ya kona ya tisa, mbele ya jiwe kubwa kama chumba cha kulala. Anakagua mstari mweupe alioupaka mwenyewe, unaotoka kwenye jiwe hadi kwenye mwamba ulio chini yake. Mstari ukikatika, jiwe limesogea, naye hufunga barabara.

Leo umenyooka. Badala ya kufurahi, anaguna.

"Umenyooka mno. Hapa pana mkono wa mtu."

Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mlinzi wa barabara hii, njia pekee inayopenya mlima. Kabla ya lami palikuwa na kijia cha wabeba chumvi. Watu wa juu walikaa na ng'ombe wao, watu wa chini na mashamba yao, wakikutana hapa kubadilishana bidhaa na matusi. Bidhaa siku hizi zinapita kwa malori. Matusi yamebaki palepale.

Anakwangua chokaa kwa kisu. Chini yake unatokea mstari wake wa zamani, wenye michirizi ya brashi yake iliyonyonyoka. Umekatika. Upande wa jiwe umeshuka vidole viwili.

"Watu wa chini hao," anasema, ingawa mkewe ni wa huko. "Nikifunga, nyanya zao zinaoza." Anafikiri kidogo. "Au wa juu. Hata ndugu zangu siwaamini." Kisha anamtazama miguuni mwandishi wa habari hii, aliyefuatana naye. "Na wewe, mbona viatu vina weupe?"

Ni vumbi. Anavikagua hata hivyo.

Anashusha kizuizi, anapiga simu ofisini, halafu anateremka hadi kibanda cha chai cha mkewe, chini kabisa ya jiwe hilo. Madereva wameshaanza kulalamika.

"Huyu mzee naye! Mara ya tano mwaka huu!"

Nyuma ya jiko kuna ndoo ya chokaa, na juu yake kipande cha sponji. Mzee anakiminya. Bado kibichi.

"Usinitazame hivyo, Baba Pacha," mkewe anasema. "Nimepaka mimi. Mara nne umefunga, mara nne nimemwaga chai, na jiwe lipo tu. Nikajua unanikomoa kwa kuwa mimi ni wa chini."

"Nikukomoe? Si wewe unayekaa chini yake!"

"Ndiyo hapo sasa. Lingekuwa linaanguka kweli, ungenihamisha mimi kwanza."

Mzee anatoka nje. Huko, kando, anakiri kwa mwandishi kwamba kaka yake alikataa kumpa Mama Pacha nafasi ya kibanda kule juu kwa kuwa ni wa chini, naye akaona haya kugombana na ndugu. Ni miaka sita sasa. Aibu inamkaa usoni waziwazi.

Anarudi ndani, anamwaga makaa, analiinua jiko. "Twende. Kaka akikataa tena, utauzia uani kwetu, na atapita hapo kila siku akikuona."

Mstari mpya atauchonga kwa patasi, anasema, maana nyumbani kwake chokaa haiaminiki tena.

Na tumaini lake? Anatazama juu, jiko mkononi.

"Lianguke. Mchana, barabara ikiwa tupu. Mama Pacha alione kwa macho yake."

Mkewe, birika mkononi, ameshatangulia. Hageuki, ila anaongeza mwendo.