Maini ya Mchovyo wa Kwanza

Mdogo wangu alirudi nyumbani Kipungani likizoni kutoka chuo kikuu, na kompyuta iliyojaa maini ya panya. Yalikuwa picha tu: vipande vyembamba vilivyotiwa rangi ya waridi na zambarau, vikapigwa picha kwa hadubini. Panya wengine walikuwa wamelishwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi, naye alikuwa akiifundisha kompyuta kutambua ini lililoumia. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikasuka mikeka ili yeye asiache. Kwa hiyo kazi ile niliihesabu yangu pia.

“Inapata karibu zote, dada,” aliniambia. Wiki iliyofuata angeiwasilisha kazi hiyo kwa mwalimu wake. Bila hiyo hahitimu.

Nilikuwa barazani nasuka ukili, ule utepe wa miaa unaoshonwa kuwa mkeka. Alinionyesha picha chache za mfano, kisha akawa ananitahini mojamoja kwa mchezo.

“Hili?”

“Lina sumu.”

“Na hili?”

“Zima.”

Nilipata kumi mfululizo. Akaacha kucheka.

“Umejuaje? Hata mimi hunitatiza.”

“Ini silijui mimi. Naangalia rangi. Ya sumu yote yametoka mchovyo wa kwanza.”

Sisi tunaochemsha miaa ya mikeka twajua: fungu la kwanza hunywa rangi ikakolea, la pili hutoka limefifia kidogo. Ukiyachanganya, mkeka hukuumbua jua likishaupiga.

Akapiga simu maabara. Kweli, maini yenye sumu yalitiwa rangi siku moja, mazima siku nyingine. Kompyuta haikujifunza maradhi, ilijifunza rangi.

“Nimekwisha, dada.”

“Hujaisha. Mkeka ukikosewa hufumuliwa. Mwambie mwalimu wako ukweli, umuombe muda. Akikataa mlete hapa, nimsukishe ukili mpaka alegee.”

Akacheka, macho yamemlowa.

Mwalimu alimpa mwezi mmoja. Vipande vipya vilitiwa rangi pamoja, vizima kwa vilivyoumia, na kompyuta ikaanza kukosea. Nilidhani angevunjika moyo, lakini aliponipigia simu sauti yake ilikuwa imetulia.

“Sasa inatazama ini lenyewe, inakosea pale tu ambapo hata daktari angesita. Mwalimu amekubali, dada. Nahitimu.”

“Alhamdulillahi. Hukumwambia kuhusu kumsukisha?”

“Nilimwambia. Anauliza aje lini.”

Siku ile nilisuka mpaka alasiri, wala sikuuhisi mgongo ukiuma.