Gasketi ya Boksi la Viatu

Pikipiki yangu ilianza kudondosha oili miezi michache baada ya kumzika mwanangu. Watu wakasema nayo inalia. Mimi sisemi hivyo, chuma hakilii. Gasketi ilikuwa imezeeka, basi.

Niliinunua nikiwa kijana, kwa jasho langu, hakuna mjomba aliyenishika mkono. Shule niliionja tu nikaiacha. Lakini pikipiki hii imebeba vitunguu vyangu mpaka Sirari, na siku nilipokwenda Nyambureti kuchukua mke, alikuja huku kwetu Susuni amekaa nyuma yangu kwenye siti hiyo hiyo. Vijana wengi wa bodaboda wa leo hawakuwa wamezaliwa. Kwa hiyo vipuri vyake havipo tena. Ukiuliza dukani, muuzaji anaita wenzake waje kukuangalia.

Mwanangu ndiye aliyekuwa amebaki na akili ya injini ile. Mara ya mwisho kifuniko cha klachi kilipovuja, alikifungua yeye. Gasketi ni karatasi nene inayokaa kati ya vyuma viwili ili oili isipite. Yeye aliitengeneza kwa boksi la viatu. Alilaza boksi juu ya chuma akaligonga pembeni kwa nyundo, polepole, mpaka ncha ya chuma ikalikata yenyewe. Matundu ya bolti aliyapiga kwa gololi ya beringi, yakatoka duara safi. Mimi matundu yangu huyakata kwa mkasi, yanakuwa na meno.

Halafu akaenda kwenye mashimo ya dhahabu, kifusi kikamwangukia.

Matanga yalipoisha, vitu vyake viligawiwa kama desturi inavyotaka. Koti lilikwenda kwa baba yake mdogo. Mabuti, shati la kanisani, panga, redio, kila kimoja kilipata mtu wake, na waliochukua walikuwa na haki. Pikipiki haikuguswa kwa sababu ni yangu. Hakuna aliyekumbuka kwamba ndani yake mlikuwa na kitu cha marehemu. Mke wangu alikumbuka.

Siku aliponiona nimeshika spana alikuja akasimama mbele yangu.

"Mzee, ukifungua hapo utatoa ile ya mtoto."

"Nitaitoa. Imeoza."

"Basi usifungue."

"Mama, oili inaisha. Injini itanoki, ife kabisa."

"Inoki. Hawakuniachia hata soksi, umeelewa? Hata soksi."

Nikaweka spana chini. Mimi si mtu wa kuweka spana chini nikiambiwa.

Nikajaribu njia za nje. Nilikaza bolti mpaka nikaogopa kuzikata. Nikakanda sabuni ya kufulia nikaisiliba kwenye maungio, kama tunavyofanya huku tangi likitoboka. Kwenye tangi inashika. Kwenye injini ilishika mpaka ikapata moto, ikayeyuka, nikafika kijiweni kwa vijana wa bodaboda pikipiki inatoa povu.

"Shikamoo mzee! Leo umeifua?"

"Marahaba. Nimeifua. Ya kwako inanuka, ilete."

"Mura, angalia, inakojoa!" mmoja akamwita kijana mwenzake.

"Inakojoa kwa sababu ina kitu tumboni. Wewe ya kwako umeitia oili lini?"

Walicheka, na mimi nikacheka nao. Nyumbani sikucheka.

Kilichotuangusha ni mteremko. Tulikuwa tunatoka kanisani, mke wangu nyuma, na oili ilikuwa imerukia tairi la nyuma. Niligusa breki kidogo tu. Tuliteleza wote wawili mpaka kwenye mtaro. Mimi sikuumia. Yeye alichubuka mkono wote, na gauni lake likapakaa oili nyeusi mpaka kiunoni. Alikaa pale chini akaliangalia gauni muda mrefu.

"Fungua," akasema. "Lakini uitoe nzima. Unipe."

Kesho yake nilimwaga oili, nikatoa kiki, nikalegeza bolti moja moja. Alileta kigoda akakaa ubavuni mwangu. Niligonga kifuniko kwa kipande cha mti ili nisikijeruhi.

"Polepole."

"Kazi hii nimeizoea kabla hujaolewa."

"Sijakuuliza umeizoea lini."

Kifuniko kikaachia. Nikaona mara moja, na yeye akaona. Lile boksi lilikuwa limeachana katikati ya unene wake, ngozi moja imeng'ang'ania kifuniko, ngozi nyingine injini. Nikalipaka mafuta ya taa, nikasubiri lilainike. Nikapitisha wembe chini yake. Kipande cha juu kilikuja kirefu kiasi cha kidole, kikakatika. Kilichofuata kilikuja kama ukoko wa ugali. Mikono yangu haitetemeki, hilo niliandike. Ni karatasi ndiyo iliyokuwa imekwisha.

"Imetoka nzima?" aliuliza, na huku anaona.

"Hapana."

Hakulia. Alitandaza ncha ya khanga akaokota vipande, hata vile vidogo vilivyogandia kwenye wembe alivitoa kwa ukucha. Kimoja kilikuwa na tundu ambalo oili hupitia kwenda juu. Tundu hilo ukilisahau kwenye gasketi mpya, oili haipiti na injini inakufa.

"Hicho niachie nipimie."

"Pima kwenye chuma."

Akafunga khanga, akaingia ndani.

Nikapima kwenye chuma. Nililaza boksi jipya, nikabonyeza kwa kidole gumba chenye oili, kila tundu na kila ukingo vikajichora. Nikakata. Matundu yangu yalikuwa na meno, lakini yalikuwa mahali pake. Nikafunga, nikatia oili, nikapiga kiki. Iliwaka. Niliiacha ingurume mpaka ikapata moto sawasawa, kisha nikapitisha kitambaa cheupe kwenye maungio yote. Kilitoka cheupe. Siku nyingine yoyote ningemwita jirani aje aone.

"Mama! Njoo."

Alisimama mlangoni, hakushuka kizingiti.

"Haivuji?"

"Haivuji."

Aliitazama pikipiki kama anavyotazama mgeni asiyemjua.

"Haya," akasema. "Sasa ni yako peke yako."

Nikazima injini. Sikuwa na pa kwenda siku hiyo.