Tumbo Halikuanguka

Kilichoninyima usingizi ni swali moja: na kama kweli ni sumu?

Mgonjwa wangu alikuwa msichana wa miaka saba. Familia yake ilipokimbia vita katika mji wa Kiwanja, alianguka kutoka juu ya lori, akajigonga kichwa. Tangu alazwe hospitalini kwetu Goma hakuwa amefumbua macho, na tulimlisha kwa mpira uliopita puani. Mama mmoja, jirani yao katika kambi ya wakimbizi ya Munigi, aliwaletea uji wa soya kila siku. Asubuhi moja, muda mfupi baada ya mtoto kulishwa, mpira ulirudisha damu nyeusi kama machicha ya kahawa.

Basi, machoni pa familia jirani akawa muuaji aliyetia sumu, na mimi, daktari niliyemaliza masomo juzi, nikawa wakili wake. Nilieleza mpaka koo likakauka: ubongo ukiumia vibaya, hauumii peke yake. Moyo wa mtoto ulikuwa unakwenda mbio, sukari imepanda, na sasa tumbo limefanya vidonda. Dawa yake tunayo. Mjomba wa mtoto alinisikiliza kwa adabu inayochosha.

"Dokta, mutoto alianguka na kichwa. Tumbo haikuanguka."

Kesho yake alikuja na pikipiki ampeleke mtaa wa Mapendo, kwa muzee anayetapisha watu sumu. Nikamwambia kutapishwa kutamuua. Mama mtoto akalia tu. Hata muuguzi wetu, mtu mzima niliyemtegemea, alininong'oneza nisikatae haraka, Goma si chuo. Mjomba akainua termosi yenye uji wa jana, aliyoificha ili akamwonyeshe muzee.

"Kama haiko sumu, kunywa basi."

Vitanda vya kando vikacheka. Nikaanza kuwaza, kama kawaida yangu. Uji uliolala unaweza kuniharisha, nao watasema ndiyo hiyo sumu. Na ikiwa ni sumu ya polepole? Lakini nikiendelea kuwaza, mtoto atapanda pikipiki.

Nikaomba kikombe, nikamimina uji wote, nikanywa mpaka chini. Ulikuwa umechacha.

"Muniangalie mpaka kesho," nikamwambia mjomba. "Mutoto anabaki."

Nikavuta kiti kando ya kitanda, mahali ambapo kila mtu angeniona, nikamdunga mtoto dawa ya tumbo.